Majina Chini ya Picha

Ukitaka kujua nyumba ya sanaa ilijengwa kwa ajili ya nani, usisome kibao cha mlangoni. Angalia picha zimetundikwa juu kiasi gani.

Nilipoanza kazi Kitale, katika ile nyumba ndogo ambayo zamani ilikuwa duka la vipuri vya trekta, picha zote zilikuwa juu mno. Mwenyewe, Mwalimu Khaemba, alikuwa mwalimu mstaafu wa kuchora, mtu mrefu wa kuinama kila mlango, na alikuwa amezipima kwa macho yake. Kwa miezi mitatu ya kwanza nilidhani sanaa ya kisasa ni miguu ya watu na nyasi, maana hayo ndiyo yaliyokuwa mbele ya uso wangu. Aliyerekebisha mambo ni Mzee Wekesa, seremala wetu wa fremu, mtu wa Bungoma. Alisimama katikati ya chumba akauliza, "Mwalimu, hizi picha ni za kuangaliwa na twiga?"

Siku hiyo hiyo alienda sokoni akamleta mama mmoja aliyekuwa akiuza sukuma wiki. Akamwomba asimame wima ukutani, akaweka alama ya penseli usawa wa macho yake. "Katikati ya kila picha iwe hapa," akasema. "Huyu akiona, wote wataona." Mwalimu alinung'unika wiki nzima kwamba sasa analazimika kuinama. Mzee Wekesa akamwambia kuinama kidogo mbele ya picha si jambo baya.

Nyinyi vijana mnaoshika sasa ile ngazi na ile drili mmeniomba niwaandikie niliyojifunza kwa miaka yangu ishirini na mbili ya kutundika maonyesho. Sina cheti cha kazi hii. Niliitwa kushona mapazia, nikabaki. Kwenye mkataba niliandikwa Grace Njeri, mhudumu. Mjini watu waliniita Mama Picha. Nitaandika kama ninavyozungumza, na nikiruka huku na huku mtanivumilia, kwa sababu kichwani mwangu miaka haikusimama kwa foleni.

Misumari kwanza. Mzee Wekesa aliniambia, kwa ulimi wake wa Bungoma, "Msumali moja ni ya kofia. Picha ni misumali miwili." Picha ya msumari mmoja hucheza kila lori la mahindi likipita barabarani, na asubuhi unakuta ukuta mzima umelewa. Nyinyi mna kile kifaa kinachopiga mstari mwekundu ukutani. Sisi tulikuwa na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Mimi nashika ncha hii, Mzee ile, tunasubiri maji yatulie pande zote mbili, ndipo tunaweka alama. Kifaa chenu ni kizuri sana. Lakini betri ikiisha huwa naona mnakaa chini na kutazama simu. Jifunzeni mpira wa maji. Ni kazi ya dakika tano, na haujawahi kuisha chaji.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilimpata mchungaji. Mchoraji mmoja wa hapa mjini alikuwa amemchora baba yake, mchungaji wa miaka mingi, amesimama shambani na kanzu yake ya kanisa, tope hadi kwenye pindo. Ilikuwa picha nzuri, inayouliza mtu ni nani siku ya Jumapili na ni nani siku ya Jumatatu. Tulikuwa tunaipeleka Bungoma. Nikaifunga kwa ile nailoni yenye vipovu vya hewa, nikaikaza vizuri kwa kamba, nikajisifu. Sikujua kwamba rangi ya mafuta, kwa baridi ya Kitale ya mwezi wa saba, inaweza kukaa wiki nyingi bila kukauka. Tulipoifungua ukumbini, vipovu vyote vilikuwa vimejipiga chapa usoni. Mzee Wekesa akaitazama, akanitazama, akasema polepole, "Mchungaji ameshikwa na tetekuwanga."

Mchoraji hakucheka. Alileta kiti, akakaa mbele ya baba yake siku nne, akamchora uso upya watu wakiingia na kutoka. Kwa hiyo nusa picha kabla ya kuifunga. Ukisikia harufu ya mafuta, iache. Kisha gusa pembeni kabisa, pale fremu inapofunika, kwa mgongo wa kidole, si kwa ncha, kwa sababu ncha ya kidole ina jasho na haraka.

Mnalalamika kwamba watu wa hapa hawaelewi sanaa ya kisasa. Sikubali. Kuna wakati msanii mmoja alijaza sakafu yetu majembe ya zamani, yaliyokwisha kabisa, yamelazwa kwa safu kama makaburi. Akaingia mkulima kutoka Saboti. Alikuwa anatafuta beringi ya trekta, maana hakuna aliyekuwa amemwambia duka lilihama. Akaokota jembe moja, akapima mpini kwa mkono.

"Hii jembe ni ngapi?"

"Haiuzwi, baba. Ni sanaa."

"Sanaa ya nini na imeisha?"

Nikamweleza kwamba kila jembe lilikuwa la mwanamke aliyelima maisha yake yote kwenye shamba lisiloandikwa kwa jina lake. Yule baba akapitisha kiganja kwenye makali yaliyolika. Kisha akalirudisha mahali pake, akalinyoosha liwe sawa na mengine, akatoka bila kuaga. Juma lililofuata alirudi na mke wake. Sijui walizungumza nini nyumbani, na si kazi yangu kujua. Najua kwamba alirudi, na hakuwa anatafuta beringi.

Na tulipoonyesha kule Malakisi, kwenye mashamba ya tumbaku, je? Mpiga picha mmoja alitupa picha za mikono tu, mikono ya wakulima wa tumbaku, hakuna uso hata mmoja. Kijana mmoja wa ofisi, amevaa tai, alipita haraka, akarudi nyuma mbele ya picha ya tatu, akasema, "Lakini huyu ni baba yangu." Alimjua kwa kidole gumba. Hiyo ndiyo kazi yetu, vijana. Kuweka kitu ukutani ili mtu arudi nyuma hatua mbili.

Sasa nifike kwa jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo, kwa sababu ndani yake kosa ni langu na si la nailoni.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tulionyesha kazi za Tabitha, binti wa Saboti, mchoraji mwenye mkono ambao Mwalimu alisema hajauona tangu aanze kufundisha. Tabitha alikuwa ameenda Suam, pale mpakani, akachora wanawake saba wanaovuka na biashara kila siku, huku Kenya, kule Uganda. Aliwachora juu ya magunia ya mahindi yaliyofumuliwa na kuunganishwa, wakubwa kuliko walivyo, wanakutazama machoni. Maonyesho aliyaita "Wa Huku, wa Kule."

Siku mbili kabla ya ufunguzi nilimwomba majina ya wale akina mama ili niandike kadi za chini ya picha. Kadi zilikuwa kazi yangu siku zote. Zamani nilikuwa naziandika kwa mkono, baadaye nikawa nazipeleka saiba, kwenye zile kompyuta za kulipia, kuchapishwa.

"Majina sikuchukua, mama," Tabitha akasema. "Andika tu Mwanamke Asiyejulikana. Namba moja mpaka saba. Na ujumbe unakuwa mkubwa zaidi, si unaona? Kwamba hakuna serikali inawajua."

Kuna kitu kilinikwaruza moyoni. Nilikisikia wazi kabisa. Lakini kulikuwa na viti vya kukodi, na taa moja haikuwaka, na msichana alikuwa na mkono wa ajabu na maneno mazuri. Nikaandika. Mwanamke Asiyejulikana, Suam, Namba 1. Mwanamke Asiyejulikana, Suam, Namba 2. Nikazipima zote saba kwa mpira wa maji, nikazibandika zimenyooka kabisa.

Watu walizipenda. Wageni walisoma zile kadi na kutikisa kichwa kwa huzuni, na mimi nikaanza kuamini kwamba tulifanya vyema.

Jumamosi ya wiki ya pili aliingia mama mmoja mwenye kikapu, viatu vyake vina vumbi jekundu la safari. Hakusalimia. Alienda moja kwa moja kwenye picha ya nne, akasimama. Nilipoona mgongo wake na ile picha kwa pamoja, nikajua. Mabega yalikuwa yale yale.

Alisoma kadi kwa sauti, neno moja moja. Kisha akageuka.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, mama."

"Ati sijulikani. Sijulikani na nani? Suam yote inanijua. Askari wa pale kwenye kizuizi cha mpaka ananijua, hata siku sijauza anajua kwa kuniangalia tu. Kanisani wananijua. Mtoto wa jirani akipotea analetwa kwangu." Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Huku naambiwa wewe ni wa Uganda. Kule naambiwa wewe ni wa Kenya. Hiyo nimezoea. Leo nimekuja Kitale, nikapata sasa hata jina sina."

Nilitamani ardhi ifunguke pale pale, kwenye ile sakafu yetu yenye madoa ya oili. Nikaenda ukutani, nikaing'oa ile kadi kwa kucha. Ikatoka na rangi ya ukuta. Nikachukua karatasi na kalamu.

"Niambie niandike nini."

"Irene Cherop," akasema. "Andika muuza vitunguu. Andika alizaliwa kando ya mto wa mpakani, upande huu."

Niliandika kwa mkono, nikabandika. Akasoma, akaridhika. Nikadhani tumemaliza. Lakini akapiga hatua kwenye picha ya tano, kisha ya sita, akaweka kikapu chini.

"Na hawa wengine?"

Akaniangalia kwa utulivu, kama mtu anayesubiri chenji ambayo ni haki yake.

Niwaambie kitu ambacho sikumwambia siku hiyo. Mimi nilizaliwa Saboti. Wazazi wangu walitoka upande wa kati wa nchi wakaja kulima huku kabla sijazaliwa. Shuleni niliulizwa "kwenu hasa ni wapi" mpaka nikaacha kujibu. Mwaka mmoja wa uchaguzi, tulipokimbilia kanisani na magodoro, mtu mmoja mwenye daftari alipita akituandika, na mimi nilisimama nyuma yake nikasoma. Alikuwa ameandika "wageni." Mimi niliyezaliwa kilomita tatu kutoka pale. Nilijua kuandikwa vibaya kunavyouma, na bado, nilipopewa kalamu mimi, nikaandika vile nilivyoambiwa. Hilo ndilo lililonifanya nisimame imara siku zilizofuata. Sikuwa shujaa. Nilikuwa na aibu, na aibu ukiitumia vizuri ina nguvu nyingi.

Maonyesho yalikuwa yahamie Bungoma baada ya siku nne. Nilimwambia Mwalimu kwamba hayatahama na kadi zile. Alikuwa amezeeka sasa, anatembea na fimbo, ila bado mrefu.

"Njeri, ufunguzi ni Ijumaa. Ukirudi bila majina tutaandika nini?"

"Nitarudi nayo."

Tabitha ndiye alikuwa mgumu. Alikuja mbio, amekasirika, na msidhani hakuwa na hoja.

"Mama Picha, hii kazi ni yangu. Nikiandika majina inakuwa kama kipande cha kitambulisho. Mimi nilitaka kuonyesha vile wanaangaliwa. Kama hawapo!"

"Umeonyesha," nikamwambia. "Na mmoja wao amekuja kujionea. Amejiona hayupo."

"Sasa mimi ndiyo mbaya?"

"Wewe ulisema, mimi nikaandika. Tugawane. Jumatatu ni siku ya soko. Twende Suam."

Halafu akauliza kama achukue daftari dogo au kubwa, nikajua anakuja.

Irene alitupokea pale karibu na kizuizi, akatutembeza sokoni kama mtu anayetembeza wageni nyumbani kwake. Tulikuwa na picha zote kwenye simu ya Tabitha. Irene alikuwa anaangalia simu, anapaza sauti juu ya marundo ya viazi, na mwanamke fulani anainua kichwa. Wa kwanza alikuwa wifi yake. Alijitazama kwenye simu, akasema, "Mbona mmenichora na hicho kitambaa? Hicho ni cha jirani, niliazima." Mwingine alitaka kadi yake iseme yeye ni mwekahazina wa kikundi cha akina mama na pia ni sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, na iandikwe kwa mpangilio huo. Nikamwambia kadi ni ndogo. Akasema, "Si uongeze kadi." Nikaongeza. Wa tano alikuwa amehamia ng'ambo ya mpaka, Uganda, kwa hiyo tulimpigia simu, akatutajia jina lake herufi kwa herufi huku ng'ombe wanalia nyuma yake, na akatuambia tusome tena tulivyoandika, na tena.

Kufikia saa nane tulikuwa na majina sita. Alibaki namba saba.

Alikuwa anauza viatu vya mitumba, vimepangwa juu ya turubai, vyote vimepigwa brashi vikang'aa. Nilimtambua kabla Irene hajasema kitu. Katika picha, Tabitha alikuwa amemchora ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Alitusikiliza vizuri, akatukaribisha tukae, akamwambia Tabitha kwamba mkono wake wa kuchora ni mzuri. Kisha akasema, "Jina langu hapana."

Tabitha akaanza kueleza, nikamgusa goti.

"Nimeomba kitambulisho miaka mingi sasa," yule mama akasema, sauti ya chini. "Kila nikienda naambiwa lete karatasi ya baba. Nikileta ya baba, lete ya babu. Babu yangu karatasi atatoa wapi? Sasa jina langu likae kwa ukuta Bungoma, na kando yake imeandikwa mpakani, si mtu atasoma aseme, kumbe huyu ndiye yule? Faili yangu iko kwa meza ya mtu. Sitaki meza hiyo itikisike."

"Basi tuishushe picha yako?" nikamwuliza. Na nilikuwa tayari. Ningeishusha siku hiyo hiyo.

Akafikiri, akifuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.

"Picha iacheni. Uso wangu sijauficha, si ndiyo nauza nao kila siku? Ni jina ndiyo siwezi."

"Tuandike nini, mama?"

"Andika nauza viatu."

Tabitha alikuwa na kalamu mkononi. Hakuandika mara moja. Alikaa pale chini, kwenye kona ya turubai, akimtazama yule mama kwa namna ambayo nadhani hakumtazama alipokuwa anamchora. Halafu akaandika, akamwonyesha.

Bungoma tulikuwa tumekodi ukumbi. Alhamisi mchana nilikuwa juu ya ngazi, misumari minne mdomoni, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi alipoingia. Alizunguka chumba, mikono nyuma, akisoma kadi. Alikuwa mtu mwenye adabu, na hilo hufanya mambo yawe magumu zaidi.

"Mama, hizi kadi si zile nilionyeshwa."

Sikuweza kujibu kwa sababu ya misumari. Akaendelea.

"Zile za asiyejulikana hazikuwa na shida. Hizi sasa ni majina ya watu wa mpakani. Watu wataanza kuuliza huyu ni wa nani, huyu ni wa wapi. Mtatuletea siasa hapa. Rudisha zile za kwanza."

Sasa fikirieni. Mwanamke asiye na jina, mkubwa kuliko mlango, hakumsumbua mtu. Muuza vitunguu mwenye jina lake akawa siasa. Nikaitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, nikaitia mfukoni.

"Mwenyekiti, pale nje ya ukumbi kuna ubao. Una majina ya kamati yote. Lako liko juu."

"Ndiyo."

"Nani alilalamika?"

"Hayo ni mambo tofauti, mama. Mimi najulikana hapa."

"Na wao wanajulikana kwao. Nimeenda, nimeona."

Alikunja uso. "Basi itabidi nifunge ukumbi."

Tabitha alikuwa ameshika ngazi, na nilisikia ngazi inatetemeka, sikujua kama ni yeye au mimi.

"Funga," nikasema. "Lakini nitakuwa ndani. Nimebakisha picha mbili, na hizi mbili zitatundikwa leo."

Nikatia misumari mdomoni tena, nikageukia ukuta, nikapiga. Nilipiga ule msumari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipogeuka alikuwa ameenda, na mlango ulikuwa wazi.

Ijumaa alikuja na koti na tai. Hakuniangalia. Irene Cherop alikuwa amefika mapema na wenzake wanne, wamevaa vizuri, na walikuwa wamegawana ukuta, kila mmoja kando ya picha yake, wanawaeleza wageni mambo ambayo mimi na Tabitha hatukuyajua. Wifi yake alikuwa anamwambia kila mtu kuhusu kitambaa. Mwenyekiti alikwama mbele ya Irene karibu nusu saa, wakizungumza bei ya vitunguu, na mwishowe nikamsikia akimwita kwa jina. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani. Waliulizana wana watoto wangapi.

Jumamosi, watu wakiwa wengi, mwanamke mmoja aliingia peke yake. Alikuwa amejifunga leso kichwani hadi karibu na nyusi. Alipita picha ya kwanza na ya pili bila haraka, kama mgeni yeyote, na alipofika kwenye ya saba akasimama mbali kidogo. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilitaka kuruka nimkumbatie. Nilitaka kumwita Tabitha. Vijana, kukaa kwenye kile kiti wakati ule ilikuwa kazi ngumu kuliko ngazi zote nilizopanda.

Akanigeukia, akauliza kwa sauti, mbele ya watu wote, mwenyekiti akiwemo.

"Samahani mama. Huyu ni nani?"

Macho yake hayakupepesa. Yangu pia.

"Anauza viatu, Suam," nikasema.

"Viatu vyake ni vizuri?"

"Wanaomjua wanasema hakuna kama vyake."

Alicheka, kicheko kifupi cha ndani, akafunika mdomo kwa ncha ya leso. Kisha akarudi hadi picha ya sita na kusimama karibu zaidi, watu wakimpisha bila kumjua, na nikamwona ananyoosha kidole, akisoma kadi ya mwenzake herufi moja baada ya nyingine. Mlangoni watu walikuwa bado wanaingia. Nikasimama kuwakaribisha.